Ndege Ajengaye Kibanda cha Posa

Je, umewahi kusikia habari za ndege ambaye hujenga kibanda si kwa ajili ya kulala, bali kwa ajili ya kuposa? Ndege huyo huishi Australia, katika nchi kavu ya katikati na magharibi. Tulimfuata hadi mji wa Alice Springs, sisi dada wawili na binti wa mmoja wetu, mwenye miaka tisa.

Tulishauriwa tumtafute penye maji na mitini ya mwituni, kwa maana ingawa ni ndege wa jangwani, hakai mbali na maji. Basi tulikwenda kwenye Bustani ya Mimea ya Olive Pink, iliyotengwa mwaka 1956 kwa juhudi za mama wa jina hilo, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kupita miaka 70.

Asubuhi ya kwanza hatukuona kitu. Asubuhi ya pili, chini ya kichaka, tulikuta kuta mbili za vijiti zimesimama sambamba, na katikati njia nyembamba. Mbele yake palikuwa pametandazwa matunda ya kijani, mifupa myeupe, makoa na vipande vya kioo. Binti yetu akaokota kioo kimoja.

"Mama, nichukue hiki tu?"

Tulimwambia akirudishe. Jike huzunguka akikagua vibanda kabla ya kumchagua dume, na kila pambo lina kazi yake. Tena madume jirani huibiana mapambo; hakuhitaji mwizi mwingine. Akakirudisha huku amenuna, tukasogea mbali, tukakaa kimya.

Mara dume akatua. Alikuwa na urefu wa yapata sentimita 25, rangi ya kahawia iliyoiva na madoadoa kama dhahabu, na ushungi wa waridi kisogoni. Akakiendea kile kioo, akakichukua kwa mdomo, akakiweka mahali pengine.

"Nilikiweka vibaya!" binti akanong'ona, na kununa kukaisha.

Baada ya kujamiiana, jike huenda peke yake kujenga kiota mtini, kuatamia na kulisha makinda. Dume hubaki kibandani akingoja mwingine. Tuliposikia hayo tulitazamana, tukacheka. Kumbe nyumba iliyopambwa siyo inayolea watoto!

Nawe ukibahatika kufika huko, tazama kwa mbali, wala usiguse kitu.