Kumtuza mtoto mwenye moyo wa kutoa (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulizungumzia zawadi zinazogawiwa kwenye mahafali ya darasa la saba. Mgeni rasmi anakabidhi madaftari, ndoo na mabeseni kwa waliofanya vizuri Hisabati na Kiswahili, inafuata zawadi ya usafi, kisha ya nidhamu, na meza inabaki tupu. Mtoto aliyemsukuma mwenzake kwenye kiti cha magurudumu mwaka mzima, kutoka getini hadi darasani, vumbi kwa tope, anabaki kupiga makofi. Niliahidi kueleza leo namna ya kumtuza mtoto kama huyo bila kumharibu.

Mfano ulio karibu nasi ni wa Baruani Ndume. Aliikimbia Kongo akiwa na miaka 7, akapotezana na familia yake, akalelewa katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu mkoani Kigoma. Humo kambini akawa mtangazaji wa kipindi cha redio kilichoitwa Sisi kwa Sisi. Watoto wakimbizi walieleza shida zao kwa sauti zao wenyewe, na kipindi kikawasaidia waliopotezana na wazazi kuwatafuta. Mwaka 2009, akiwa na miaka 16, alipewa Tuzo ya Kimataifa ya Amani ya Watoto huko Uholanzi. Aliyemkabidhi ni Profesa Wangari Maathai.

Tuzo hiyo ilianzishwa mwaka 2005 na shirika la KidsRights, na wa kwanza kutunukiwa, baada ya kifo chake, alikuwa Nkosi Johnson wa Afrika Kusini, mtoto aliyewatetea wenzake wenye Virusi vya UKIMWI na kufariki mwaka 2001 akiwa na miaka 12. Kuna jambo moja katika utaratibu wake ambalo kamati zetu za shule zinaweza kuliiga hata kama mfuko ni mdogo: mbali na sanamu anayokabidhiwa mshindi na msaada wa masomo yake, fedha nyingi huelekezwa kwenye miradi inayoendeleza kazi aliyoianza. Heshima inamwendea mtoto, na fedha zinawafuata wale aliowahangaikia.

Tena Baruani hakushika kipaza sauti kwa sababu ya ahadi ya tuzo. Watoto wenzake walimhitaji, naye akaitika. Hapa ndipo penye kiini cha mada yetu, na utafiti unakiunga mkono.

Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya katika shule ya awali ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Waliwachukua watoto waliopenda wenyewe kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi la kwanza liliahidiwa cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe mwekundu endapo lingechora. La pili halikuahidiwa kitu, ila lilipomaliza lilipewa cheti kile kile kwa kushtukizwa. La tatu halikupewa chochote. Siku kadhaa baadaye kalamu zikawekwa tena mezani, safari hii bila zawadi. Walioahidiwa walichora kwa takriban nusu ya muda wa wenzao. Walioshtukizwa hawakupungukiwa na hamu hata kidogo.

Je, wema nao uko hivyo? Mwaka 2008 Felix Warneken na Michael Tomasello, wakifanya kazi Ujerumani, waliwachunguza watoto wa miezi 20 waliokuwa wakimwokotea mtu mzima vitu vilivyomponyoka. Waliopewa kitu cha kuchezea kila waliposaidia walipunguza kusaidia zawadi zilipokoma. Waliosifiwa kwa maneno tu waliendelea.

Kwa hiyo msitangaze mwezi Januari kwamba mtoto mkarimu atapata baiskeli. Mtawafundisha watoto kuuza ukarimu. Mwalimu wa darasa awe na daftari, na wanafunzi wenyewe waruhusiwe kumwambia walichokiona: nani, lini, alifanya nini. Watoto wanajuana kuliko sisi tunavyowajua. Siku ya mahafali tendo lisomwe lilivyo, mbele ya mzazi wake, badala ya sifa za jumla za tabia njema ambazo kila mtu anaweza kusomewa.

Nimewahi kuulizwa na wazee wa msikitini na wa kanisani pia: wema si wa kufichwa? Hoja yao ni nzito. Aya ya 271 ya Sura ya Al-Baqara inaikubali sadaka ya wazi, lakini inaitukuza zaidi ya siri inayomfikia fukara. Mathayo sura ya 6 inaonya juu ya kutoa ili watu waone. Lakini maonyo hayo yanamhusu anayejitangaza. Mtoto aliyetajwa na wenzake, hali yeye hakuomba, hajajitangaza.

Anayepaswa kufichwa ni aliyesaidiwa. Hili nalisisitiza kwa nguvu zote. Mtoto aliyepewa viatu na rafiki yake asiitwe jukwaani, asipigwe picha, jina lake lisisomwe wala kudokezwa. Tukimwaibisha mmoja ili tumheshimu mwingine, tumefanya ukatili mbele ya kijiji kizima.

Wenyeviti wa kamati za shule na walimu wakuu, nawasihi daftari hilo lifunguliwe muhula huu, kabla hamjaanza kuchangisha fedha za turubai na spika.