Usiandike "sina uzoefu"

Wasikilizaji wetu wa Kilwa Masoko, Kivinje na Somanga, wengi mnatuambia mnakosa kazi kwa kukosa uzoefu. Tunakuuliza: umetengeneza mashine za boti miaka mitatu, au umepima samaki mnadani na hesabu haikupotea. Huo si uzoefu? Uandike kwenye wasifu wako: kazi gani, wapi, muda gani, na nani atakushuhudia.

Kwa kazi za serikali, jisajili Ajira Portal. Jaza namba ya NIDA, saini barua yako, pakia vyeti vyenyewe, si karatasi ya matokeo. Kisha simu yako iwe hewani. Kuomba ni bure. Anayekudai hela ya usaili ni tapeli.