Je, Wajua? Kodi ya risasi hulipia utafiti wa kupe

Je, wajua kwamba mnunuzi wa risasi Marekani huchangia uchunguzi wa kupe? Sheria ya Pittman-Robertson ya 1937 hutoza risasi na bunduki ndefu kodi ya asilimia 11, na fedha hizo hulipia hadi asilimia 75 ya miradi ya wanyamapori ya majimbo. Ndivyo Maine na New Hampshire zilivyoweza kuwavisha kola za mawasiliano ndama wa musi, mnyama mkubwa kuliko wote wa jamii ya kulungu. Ilibainika kuwa kupe wa majira ya baridi, makumi ya maelfu kwenye mwili mmoja, huwanyonya damu hata miaka mingine zaidi ya nusu ya ndama hao wafe.

Wapo wanaosema fedha ya mwindaji hununua jibu la mwindaji. Shaka hiyo si ya bure: musi wakisongamana kupe huongezeka, na mwaka 2021 Maine iliongeza vibali vya uwindaji katika eneo moja ili kujaribu kuwapunguza musi, na hivyo kupe. Lakini utafiti huohuo unailaumu pia theluji inayochelewa, kwani huwapa kupe wachanga muda zaidi wa kumdandia mnyama, na hilo halitibiwi kwa kibali chochote.