Ua wa Seng'enge Hushikwa na Nguzo za Pembeni

Mkulima hununua seng'enge kwa fedha nyingi, akasimamisha nguzo, akapigilia misumari, na siku ya kwanza ua wake ukaonekana umekazika kama uzi wa zeze. Mvua za masika zikiisha, nyuzi zimelegea na ng'ombe wake wamo katika mahindi ya jirani. Mara nyingi kosa si la seng'enge, bali ni la nguzo za pembeni.

Nguzo za katikati kazi yake ni kushika nyuzi zisilale. Mvuto wote wa waya uliokazwa huishia katika nguzo za mwisho, nao haupumziki usiku wala mchana. Udongo ukilowa, nguzo isiyo na mwega huinama kidogo kidogo. Ikiinama inchi chache tu, ua wote umelegea.

Kwa hiyo nguzo ya pembeni iwe nene, na shimo lake lifike futi 3. Zile za katikati futi 2 zatosha. Udongo urudishwe kidogo kidogo na kushindiliwa kila mara. Kisha huwekwa mwega, yaani mti wa mshazari ulio katika mstari ule ule wa ua: ncha ya juu huegemea nguzo, na ya chini hukanyaga jiwe bapa lililofukiwa. Wako wauwekao upande wa nje, mahali ambapo hauzuii kitu. Mwega hutakiwa uwe upande ule ambako waya unavuta. Ua unapogeuka, nguzo ya pembe huhitaji miega 2, kwa kuwa inavutwa pande 2.

Kwa nguzo, mtarakwa ni mti bora sana, maana moyo wake mwekundu hauliwi na mchwa upesi. Mkaratusi hupatikana kwa urahisi, lakini usipotiwa dawa huoza na kuliwa pale pale unapoingia ardhini.

Kabla ya kuchimba, mwite jirani, mvute kamba pamoja juu ya mpaka. Mashamba yalipounganishwa katika nchi ya Wakikuyu miaka ya 1950, watu waliokuwa na vipande vilivyotawanyika walipata shamba moja lenye mipaka, na ndipo kuzungushia ua kulipokuwa na maana. Nguzo iliyoingia hatua moja kwa jirani huleta kesi.

Seng'enge ipigiliwe upande waliko ng'ombe, ili wakiisukuma ikandamizwe juu ya nguzo. Ikiwa upande wa pili, wataing'oa pamoja na misumari. Anayekaza avae glavu za ngozi, na watoto wawe mbali, kwa maana waya ukikatika hurudi kwa nguvu na kuchana nyama. Kwa ng'ombe, nyuzi 4 kwa kawaida hutosha. Mbuzi ni habari nyingine: hupenya kati ya nyuzi bila haya, na mwenye mbuzi heri anunue waya wa matundu.