Boti Kuukuu Haipimwi kwa Rangi

Kandokando ya mwambao wa Kenya, toka Vanga hata Lamu, na vilevile kando ya Ziwa Viktoria, huonekana boti za faibaglasi zilizopandishwa nchi kavu, zimelala chini ya miti na majani yameota ubavuni. Mwenye boti kama hiyo huitoa kwa bei nafuu, na mtu ambaye hajapata kumiliki chombo hutazama umbo lake zuri, akadhani kwamba makopo mawili ya rangi na mashine iliyosafishwa yatatosha kumfanya nahodha. Dhana hiyo yaweza kumla akiba yake yote. Tena yaweza kumla yeye mwenyewe pamoja na abiria wake.

Faibaglasi ni nyuzi nyembamba za kioo zilizofumwa kama kitambaa, kisha zikashikamanishwa kwa resini, gundi ya majimaji ambayo huwa ngumu ikichanganywa na dawa yake ya kugandisha. Boti za namna hii zilianza kuundwa Marekani katika miaka ya 1940. Sifa yake kubwa ni kwamba haiozi, wala haitobolewi na wadudu wa baharini. Lakini waundaji wengi walificha mbao ndani ya ngozi hiyo, hasa katika ukuta wa tezi unaobeba mashine na katika mihimili iliyo chini ya sakafu. Mbao hizo huoza. Maji hupenya katika matundu ya bolti yasiyozibwa vema, yakakaa humo miaka mingi, na ubao ukawa kama mkate uliolowa, hali rangi ya nje yang'aa.

Mashua ya mbao haifichi ugonjwa wake: maji huingia, fundi akauona mshono ulioachana, akaukalafati kwa pamba. Boti ya faibaglasi huficha. Kwa hiyo mnunuzi mwenye busara huigonga kwa mpini wa bisibisi, shubiri kwa shubiri, akitega sikio. Palipo pazima hutoa sauti kali. Palipooza hutoa sauti nzito iliyofifia. Kisha huishika mashine na kuitikisa juu na chini. Tezi ikipinda, ubao umekwisha. Akiwa na shaka bado, na mwenyewe akiridhia, hutoboa tundu dogo kwa upande wa ndani na kutazama unga utokao: mkavu na mweupe ni heri, mweusi na wenye maji ni hasara.

Kuitengeneza tezi si kazi ya siku moja. Hukatwa ngozi ya ndani, ubao mbovu wote huondolewa, na mahali pale huachwa pakauke kabisa. Ndipo hugundishwa plaiwudi ya baharini, na juu yake matabaka ya nyuzi na resini. Kingo za ngozi ya zamani husagwa kwa mteremko mrefu, kama mara 12 ya unene wake, ili mpya ishike ya kale. Dawa ya kugandisha hutiwa kwa kipimo cha mtengenezaji, ambacho kwa kawaida ni asilimia 1 au 2. Ikizidi, katika joto la pwani, resini huchemka na kutoa moshi kabla haijapakwa. Fundi hufanya kazi penye upepo, amefunika pua na macho, kwa maana vumbi la kioo na harufu ya resini huumiza.

Mashine hufuata. Kipepeo cha mpira kilichomo katika pampu ya maji hubadilishwa, na mipira ya petroli iliyopasuka vilevile. Mashine isiwashwe pakavu hata kwa dakika moja, maana mpira huo huungua, na pampu isiyovuta maji huiua mashine.

Rangi ndiyo ya mwisho. Aanzaye kwa rangi hupamba kaburi, kwa kuwa tezi mbovu ikiachana nje ya mwamba, mashine huzama na bahari huingia nyuma. Chombo kikikamilika, na kikaguliwe na kupewa leseni na Mamlaka ya Bahari ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 2004. Safari ya kwanza iwe karibu na pwani, pamoja na makasia, ndoo ya kufulia maji, na jaketi la kuokolea kwa kila mtu.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa.