Tiba ya akili ianzie zahanati ya karibu

Msomaji, hebu fikiri. Kijana wa jirani yako hapa Ruiri ameacha kulala. Usiku huzungumza na watu wasioonekana. Mchana hukataa chakula cha mama yake kwa sababu anaamini kimetiwa sumu. Je, jamaa zake watampeleka wapi?

Wengi hungoja kwanza, wakitumaini kuwa yatapita. Kisha hutafuta maombi au mganga. Miezi ikisonga na kijana akianza kuvunja vitu, hufungwa kamba na kupakiwa garini hadi Meru mjini. Wengine hufikishwa hospitali ya Mathari, Nairobi, safari ya zaidi ya kilomita 200. Huko hutibiwa, hupata nafuu na kurudi nyumbani. Lakini dawa alizopewa zikiisha, nauli ya kufuata nyingine huwa hakuna. Baada ya majuma machache zile sauti humrudia, na watu husema: "Mnaona? Wazimu hauponi."

Msemo huo si wa kweli. Kijana huyo alikuwa amepata nafuu. Kilichomrudisha nyuma ni umbali kati yake na dawa.

Tulirithi mpango wa kutenga

Mathari ilianzishwa mwaka wa 1910, wakati wa ukoloni, mahali palipokuwa pa kuwatenga wagonjwa wa ndui. Nia kubwa ya hospitali za akili za siku hizo ilikuwa kumwondoa mgonjwa machoni pa watu. Baada ya Uhuru, vitengo vya akili vilifunguliwa katika hospitali kadhaa za mikoa, lakini mazoea ya kufikiri kwamba ugonjwa wa akili ni wa Mathari tu yamebaki vichwani mwetu.

Tangu mwaka wa 2013 huduma nyingi za afya ziko mikononi mwa serikali za kaunti. Sheria ya Afya ya Akili ilirekebishwa mwaka wa 2022, na sasa kaunti zina wajibu wa kutoa matibabu ya akili kwa wakazi wake. Kwa hivyo, mwananchi anapodai huduma hii haombi hisani.

Wagonjwa tayari wako kwenye foleni

Usidhani kwamba ugonjwa wa akili ni ule wa kuvua nguo barabarani tu. Mwaka wa 2009, Profesa David Ndetei na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa katika hospitali na vituo 10 vya afya nchini Kenya. Kati ya wagonjwa 2,770 waliochunguzwa, asilimia 42 walikuwa na dalili za unyogovu, hafifu au kali. Lakini ni asilimia 4 tu ambao faili zao zilionyesha kwamba mhudumu alikuwa ametambua ugonjwa wowote wa akili.

Maana yake ni kwamba mama anayelalamika kila mwezi kuhusu kichwa, mgongo na tumbo, na kila mara hupewa dawa za maumivu, huenda ana unyogovu. Hakuna aliyemwuliza kama analala, kama bado anafurahia chochote, au kama amechoka kuishi. Maswali hayo hayahitaji mashine. Muuguzi au afisa wa kliniki aliyefunzwa anaweza kuyauliza papo hapo katika zahanati.

Tiba nazo hazihitaji jumba kubwa. Dawa kama haloperidoli, amitriptilini na fluoksetini ni za miaka mingi na bei yake si ya kutisha. Iko sindano ya flufenazini ambayo mgonjwa wa skizofrenia huchomwa mara moja tu kila majuma mawili hadi manne. Muuguzi anayedunga chanjo anaweza kuidunga pia. Hiyo sindano ikipatikana Ruiri, yule kijana hana haja ya kupanda matatu kila mara. Hospitali ya Meru ibaki kwa wagonjwa wazito, na mtaalamu wake awasimamie wahudumu wa vijijini na kuwaelekeza.

Tunaweza kujifunza kwa jirani. Mjini Harare, Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka wa 2006 kuwafunza akina nyanya wa mitaani kuwasikiliza wenye mawazo mazito, wakiwa wameketi kwenye benchi nje ya kliniki. Matokeo ya majaribio katika kliniki 24 yalichapishwa mwaka wa 2016. Baada ya miezi sita, waliohudumiwa na nyanya hao waliobaki na dalili za unyogovu walikuwa asilimia 14. Miongoni mwa waliopata huduma ya kawaida, walikuwa asilimia 50. Sisi tuna wahudumu wa afya ya jamii ambao tayari hutembelea nyumba zetu. Wakifunzwa, wataifanya kazi hiyo.

Wachungaji na waganga wasifukuzwe. Katika Makueni, shirika la Africa Mental Health Foundation liliwaketisha pamoja na wahudumu wa afya, ili kila mmoja ajue wakati wa kumpeleka mgonjwa kwa mwenzake. Maombi yaendelee, lakini dawa zisiachwe.

Ufanye nini wewe?

Kwanza, jua dalili. Mtu akikosa usingizi, hamu ya chakula na furaha kwa majuma mawili au zaidi, akijitenga, au akisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, mpeleke zahanati. Usingoje avunje vitu. Tiba ikianza mapema, hupona upesi zaidi.

Pili, usikatize dawa. Dawa za unyogovu huchukua majuma mawili hadi manne kabla ya kuonyesha nguvu. Mgonjwa akisikia nafuu, aendelee kuzimeza kwa miezi kadhaa kama alivyoagizwa. Zikimsumbua, arudi kwa mhudumu; asizitupe.

Tatu, angalia pombe na miraa. Miraa hulisha nyumba nyingi hapa Meru, lakini mtu aliyewahi kusikia sauti au kushuku kila mtu haifai kwake. Humnyima usingizi na kuuchochea ugonjwa.

Nne, mtu akisema amechoka kuishi, mwulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimtii wazo hilo kichwani. Humpa nafasi ya kusema. Usimwache peke yake. Dawa za kunyunyizia mimea zitoe nyumbani, kisha mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Msihofu kukamatwa. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha sheria kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai kinakwenda kinyume cha Katiba.

Tano, uliza. Kaunti inapowaita wananchi watoe maoni kuhusu bajeti, au chifu anapoitisha baraza, uliza maswali matatu: Je, zahanati yetu ina mhudumu aliyefunzwa afya ya akili? Dawa za akili zinaagizwa pamoja na zile za malaria na shinikizo la damu? Mtaalamu kutoka Meru atakuja siku gani ya mwezi? Maswali hayo yakiulizwa na watu wengi, itakuwa vigumu kuyapuuza.

Mwisho, mfungue aliyefungwa. Kama kuna mtu aliyefungiwa chumbani katika boma lenu kwa sababu ya aibu, aibu hiyo haina msingi. Ana ugonjwa kama wa kisukari au pumu, na dawa yake ipo. Jukumu letu sote ni kuhakikisha dawa hiyo imefika karibu na mlango wake.