Nani Aandika, Nani Asoma? Kazi ya Chapa Katika Ulaya na Kwetu Katanga



Siku hizi kitabu ni kitu cha kawaida. Hata daftari la mtoto wa shule wa Kikula lina jedwali la kuzidisha lililopigwa chapa juu ya jalada, wala hakuna anayelistaajabia. Lakini ulikuwako wakati ambapo kitabu kimoja kiliandikwa kwa mkono, herufi baada ya herufi, kwa miezi mingi, mara nyingi juu ya ngozi ya ndama au ya kondoo. Mwenye kitabu alikuwa mtu mkubwa. Wengine wote waliishi kwa kusikia: walimsikia padri, walimsikia mfalme, waliwasikia wazee, wakashika walichoweza kushika.

Habari ya kugeuka kwa hali hiyo inatuhusu sisi watu wa Katanga kuliko tunavyodhani, maana ndani yake mna swali ambalo hatujalijibu bado.

SHABA NA RISASI

Wachina na Wakorea walitangulia kupiga chapa. Katika Ulaya kazi hiyo ilianza mjini Mainz, nchi ya Ujerumani, karibu na mwaka 1450. Fundi mmoja, jina lake Johannes Gutenberg, aliyejua kazi ya madini, alitafuta njia ya kuandika bila kalamu.

Watu wa Likasi, wanaojua moto wa tanuru, watafahamu upesi namna ya kazi ile. Kwanza herufi ilichongwa kichwani mwa kipande cha chuma kigumu. Kipande hicho kilipigwa nyundo juu ya bamba la shaba, kikaacha umbo la herufi ndani yake. Kisha risasi iliyoyeyushwa, iliyochanganywa na madini mengine, ilimiminwa katika kalibu juu ya shaba ile. Ikatoka herufi moja. Ikamiminwa tena, ikatoka nyingine sawasawa na ya kwanza. Herufi zilipangwa mstari kwa mstari, zikapakwa wino mzito, zikagandamizwa juu ya karatasi kwa mtambo uliofanana na shinikizo la kukamulia zabibu. Ukurasa ulipokwisha, herufi zile zile zilipangwa upya kwa ukurasa mwingine.

Karibu na mwaka 1455 Biblia yake ya Kilatini ilikuwa tayari, nakala zipatazo 180. Kabla ya mwaka 1500 miji zaidi ya 200 ya Ulaya ilikuwa na mitambo ya chapa.

Badiliko halikuwa wingi wa karatasi tu. Nakala za mkono hazifanani kamwe: mwandishi mmoja huruka neno, mwingine huongeza lake. Sasa mtu wa Roma na mtu wa Paris waliweza kufungua ukurasa ule ule, wakabishana juu ya neno lile lile, ingawa hawakuonana hata siku moja. Mwaka 1517 Martin Luther alitoa hoja zake juu ya rehema, nazo zikapigwa chapa na kuenea Ujerumani upesi mno. Mwaka 1522 akatoa Agano Jipya kwa Kijerumani. Ulaya ikagawanyika. Kanisa Katoliki lilitoa orodha ya vitabu vilivyokatazwa mwaka 1559, lakini nalo lilishika chombo kile kile. Misale ya Kirumi ya mwaka 1570, iliyotolewa na Papa Pius V, isingaliweza kufika katika nchi nyingi kwa maneno yale yale bila mtambo wa chapa.

Wala tusidhani kwamba kila kilichopigwa chapa kilikuwa nuru. Karibu na mwaka 1486 mtawa mmoja, Heinrich Kramer, alitoa kitabu cha kufundisha namna ya kuwasaka wachawi. Kitabu hicho kilipigwa chapa mara nyingi, kikatia nguvu imani iliyowapeleka watu wengi wasio na hatia, hasa wanawake, kwenye mateso na moto. Sisi tunaoona hata leo watoto wakifukuzwa nyumbani kwa kusingiziwa uchawi, tunajua uzito wa jambo hilo. Mtambo hauulizi kama neno ni la kweli. Huulizwa mwenye mtambo, na huulizwa msomaji.

LUGHA ZETU NDANI YA KITABU

Lugha za Afrika ziliingia katika chapa mapema kuliko wengi wanavyofikiri. Mwaka 1624 katekisimu ya Kireno na Kikongo ilipigwa chapa mjini Lisbon, kwa kazi ya Mjesuiti Mateus Cardoso.

Kiswahili kilikuwa kikiandikwa tangu zamani kwa herufi za Kiarabu, na tenzi zilinakiliwa kwa mkono. Katika karne ya 19 misioni ya Kiingereza iliweka mtambo wa chapa Unguja, na mwaka 1888 lilianza gazeti Msimulizi katika shule ya Kiungani, wanafunzi wakiandika na wakipanga herufi wenyewe. Baadaye vitabu vilipozidi, serikali na misioni zilitaka Kiswahili kimoja cha shule. Katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi, na mwaka 1930 kamati ya lugha ikaanza kazi ya kusanifisha tahajia na msamiati.

Faida yake ni kubwa: leo mtu wa Lamu na mtu wa Bukavu husoma kitabu kimoja. Lakini tazama upande wa pili. Watu waliokuja kufanya kazi katika migodi na viwanda vya Likasi, iliyoitwa Jadotville hadi mwaka 1966, walitoka Kasai, walitoka Luapula, walitoka nchi nyingi. Kikula walijipatia Kiswahili chao, chenye maneno ya Kiluba, ya Kibemba na ya Kifaransa. Kiswahili cha kitabu kikawa cha shule na cha kanisa; cha nyumbani kikahesabiwa kuwa kisichofaa kuandikwa. Hapo ndipo penye hatari. Mtu akisadiki kwamba maneno yake hayastahili chapa, hachelewi kusadiki kwamba mawazo yake nayo hayastahili.

KARATASI ILIYOSHITAKIWA

Kwamba karatasi ndogo inaweza kutikisa wenye nguvu, Kongo ilijifunza mapema. Mwezi wa Januari 1908, katika Kasai Herald, gazeti dogo la misioni ya Wapresbiteri ya Luebo, mmisionari Mmarekani mweusi, William Sheppard, aliandika jinsi Wakuba walivyoteseka kwa kulazimishwa kutafuta mpira wa porini. Compagnie du Kasai ilimshitaki. Kesi ilisikilizwa Léopoldville mwaka 1909, na mwanasheria Emile Vandervelde alisafiri kutoka Ubelgiji kuja kumtetea. Sheppard alishinda. Kampuni kubwa ilikuwa imeogopa kurasa chache, kwa sababu kilio cha kijijini hufika mwisho wa kijiji, lakini kilio kilichopigwa chapa hupanda meli.

Miaka 47 baadaye, Julai 1956, Wakongo wenyewe walishika chombo hicho. Wakatoliki wenye elimu wa Léopoldville, akiwamo Joseph Ileo, walitoa tamko katika gazeti lao Conscience africaine, wakidai Wakongo wawe na sauti katika kuamua mambo ya nchi yao. Mwezi wa Agosti chama cha ABAKO kikajibu kwa tamko lake, kikitaka haki za siasa zisicheleweshwe. Watu wakasoma, wakasomeana, wakabishana. Tarehe 30 Juni 1960 nchi ikapata uhuru. Hatusemi magazeti peke yake yaliuleta. Twasema kwamba jambo lililokuwa likinong'onwa lilipata mahali pa kusimama mbele ya watu wote.

KATANGA INAPOSEMA

Hapa Katanga reli ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi, mwaka 1910, na mwaka uliofuata mji ulikuwa na gazeti lake, L'Étoile du Congo, la Kifaransa na la Wazungu. Mwaka 1934 likaja Ngonga, lililowapa Waafrika nafasi ya kuandika, lakini halikuishi muda mrefu. Mwaka 1957 Union Minière ilianzisha Mwana Shaba kwa ajili ya wafanyakazi wake. Lilipendwa na kusomwa. Walakini lilikuwa gazeti la kampuni, na kampuni ndiyo iliyochagua habari.

Mfano mwingine unatufunza zaidi. Mwaka 1945 kilitolewa Elisabethville kitabu cha Padri Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji, juu ya falsafa ya Wabantu. Alikuwa amekaa miaka mingi kati ya Waluba, akisikiliza. Mwaka 1949 kitabu kilitolewa tena Paris na Présence Africaine, na tangu hapo wenye elimu wa Afrika hawajaacha kukijadili, wengine wakikisifu, wengine wakikipinga. Mmoja wao ni V. Y. Mudimbe, aliyezaliwa hapa hapa Likasi mwaka 1941, ambaye katika The Invention of Africa, kitabu chake cha mwaka 1988, aliuliza ni nani aliyeitunga sura ya Afrika iliyomo vitabuni. Swali hilo ni la haki. Juu ya jalada la Padri Tempels limo jina lake. Majina ya wazee waliozungumza naye jioni hayamo.

Ndiyo maana napenda kuwakumbusha wasomaji kazi moja isiyojulikana sana. Mwaka 1965 chama cha watu waliokuwa maboi katika nyumba za Wazungu wa Elisabethville kilitoa historia ya mji wao, iliyotungwa na André Yav. Kichwa chake ni cha Kifaransa, Vocabulaire de ville de Elisabethville, lakini ndani ni Kiswahili cha Katanga, kama kinavyosemwa mezani na barabarani. Haikupitia kiwanda cha chapa. Ilipigwa taipureta, ikatolewa nakala kwa stensili. Maneno hayakufuata kanuni ya shule: mengine yameunganishwa, mengine yamekatwa. Mtaalamu Johannes Fabian alipotaka kuifahamu, Kalundi Mango aliisoma kwa sauti, na sikio likaelewa kile ambacho jicho lilishindwa. Mwaka 1990 ikatolewa katika kitabu, na leo husomwa katika vyuo vikuu vya mbali.

Watu waliofua nguo na kupika chakula walisema: sisi nasi tuliuona mji huu ukijengwa, nasi tutauandika. Hawakungoja wafundishwe Kiswahili safi kwanza.

KAZI ILIYOBAKI

Leo chapa imeingia hata ndani ya simu, na kila mmoja anaweza kueneza neno kwa dakika moja, la kweli na la uongo. Yatupasa basi kusoma kwa kuuliza: nani ameandika, ameyaona wapi, na anataka nini kwangu?

Lakini kusoma peke yake hakutoshi. Asomaye tu hubaki mgeni katika nyumba ya mwingine. Panda na Shituru wangali wako wazee waliofanya kazi kwenye matanuru na kwenye vyumba vya kusafishia shaba. Wapo akina mama wanaokumbuka jinsi mitaa ya Kikula ilivyojaa watu, ndoa zilivyofungwa na lugha zilivyochanganyika. Kila mwaka tunawazika baadhi yao pamoja na yote waliyoyajua. Wazee wetu husema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na hakuna mali ipitayo kumbukumbu za watu.

Ninyi wanafunzi mnajua kuandika. Nunueni daftari moja, muende kwa babu au nyanya, mumwombe asimulie, nanyi mwandike maneno yake kama anavyoyasema, pamoja na tarehe, mahali na jina lake. Msisahihishe Kiswahili chake. Atakayetaka kukipiga chapa baadaye atalikuta jina la mwenye maneno limekwisha kuandikwa.